Nchi sita zinagombania nini kwenye mawe ambayo maji yakijaa hayaonekani?

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Mtaalamu, kila siku nasoma meli za China zinazipiga maji meli za Ufilipino kule Spratly. Nikafungua picha za satelaiti nivione hivyo visiwa, sikuona kisiwa, niliona maji ya kijani na jiwe moja mbili. Sasa nchi sita zinagombania nini pale? Na nchi ikimwaga mchanga na zege juu ya mwamba, kisheria inakuwa kisiwa chake kweli? Halafu nani hasa mwenye haki?"

Ndugu yangu, Spratly ni visiwa na miamba iliyotawanyika kwenye Bahari ya Kusini mwa China, na hayo maji ya kijani uliyoyaona ndo kesi yenyewe, kwa hiyo naanzia hapo hapo.

Chukua ramani ya mabaharia, zile zinazochapwa na Waingereza. Nchi kavu imepakwa njano, maji ya kina kifupi yamepakwa bluu, na katikati yake kuna kijani. Juu ya hicho kijani utaona vinamba vidogo vimepigiwa mstari chini. Kijani maana yake sehemu hii maji yakijaa inafunikwa, yakipwa inafunuka, na kile kinamba chenye mstari kinakwambia maji yakipwa mwamba utasimama juu kiasi gani. Watu wa pwani kitu hicho wanakiita kipwa, na kama ni mchanga mtupu wanaita fungu. Mimi hapa nitasema kipwa tu, maana sheria ina maneno marefu sana ya kusema kitu hicho hicho. Kazi yangu ni sheria ya bahari, nimeinamia hizi ramani miaka mingi, na ugomvi wa mataifa kweli kabisa unaweza kuamuliwa na kitu kidogo kama hicho, mchoraji alipaka kijani au alipaka njano.

Kwanini? Kwa sababu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliosainiwa 1982 ukaanza kutumika 1994. Mkataba unagawa hivi vitu makundi matatu. Kipwa, yaani kile kinachozama maji yakijaa, peke yake hakina bahari yoyote, labda kiwe ndani ya maili 12 kutoka nchi kavu, hapo unaweza kuanzia kupimia. Jiwe ambalo linabaki juu hata maji yakijaa, lakini haliwezi kubeba maisha ya watu wala uchumi wake lenyewe, linapata maili 12 za bahari na basi. Kisiwa kamili, kinachoweza kubeba watu au uchumi, kinapata maili 200, na mle ndani samaki, mafuta na gesi ni vya mwenye kisiwa.

Sasa piga hesabu, maili ya bahari ni mita 1,852. Duara la maili 12 ni kama kilomita za mraba 1,550. Duara la maili 200 ni kama kilomita za mraba 431,000. Yaani jiwe lile lile, ukifanikiwa kulitetea likaitwa kisiwa kamili, umeongeza bahari karibu mara 278. Hapo ndo utaelewa watu wazima na suti zao wanavyoweza kubishana siku nzima kama kuna mtu anaweza kulima mboga mahali fulani. Ukijumlisha na njia kubwa ya meli za mizigo inayopita jirani, na majeshi kutaka macho na masikio katikati ya bahari, swali la kwanza limejibika, hapo sina haja ya kukaa sana.

Ila zimefikaje sita, yaani China, Taiwan, Vietnam, Ufilipino, Malaysia na Brunei? Hii historia inafaa uijue maana kila nchi inakusimulia kipande chake tu. Wafaransa walitangaza kuvichukua baadhi ya visiwa vya Spratly 1933, wakiwa watawala wa Vietnam. Wajapani wakavishika 1939. Vita ilipoisha, 1946 meli za China ya wakati ule, hii serikali ambayo baadae ilihamia Taiwan, zikaenda kuweka bendera, na kisiwa kikubwa kuliko vyote vya asili kikapewa jina la mojawapo ya meli hizo, Taiping, ndo hicho ramani nyingi zinaandika Itu Aba, na mpaka leo kiko mikononi mwa Taiwan. Halafu ikaja 1951, mkataba wa amani wa San Francisco. Japani ikasaini kwamba inaachia haki zake zote juu ya Spratly na visiwa vingine vya bahari ile ile, Paracel, lakini mkataba haukusema inamwachia nani! Sentensi ikaishia hewani, na China hazikualikwa mezani, si ya Beijing si ya Taipei. Kwa maoni yangu hakuna kosa la kalamu lililoigharimu bahari ile kama hilo.

Baada ya hapo kila mtu akaja na lake. 1956 Mfilipino mmoja mwenye chuo cha mabaharia, Tomas Cloma, akatangaza kwamba visiwa vile amevikuta havina mwenyewe na ni vyake, akaviita kwa jina la nchi ya uhuru, na miaka ya mwanzo ya 70 wanajeshi wa Ufilipino wakaingia, kisha 1978 Rais Marcos akatoa amri kuvifanya sehemu ya nchi. Vietnam ya Kusini nayo ikashika vyake, 1975 Vietnam ya Kaskazini ikarithi. Malaysia ikapanda mwamba wa Layang-Layang 1983, leo pana kiwanja cha ndege na hoteli ya wazamiaji. Brunei inadai bahari lakini haina hata askari mmoja pale. China ya Beijing ilichelewa kufika, na ilipofika ilikuwa kwa damu, tarehe 14 Machi 1988 kwenye mwamba wa Johnson South Wavietnam 64 walikufa, baadhi yao wakiwa wamesimama kwenye maji wakilinda bendera kwenye mwamba. Naomba usipite haraka hapo. Tunapoongea habari ya mawe na vipwa ni rahisi kusahau kwamba kuna familia za watu 64 ambazo kwao hili halijawahi kuwa somo la ramani.

Tuje kwenye zege sasa, swali lako la pili, na jibu lake ni hapana, na sio hapana ya wasiwasi. Mkataba unasema kisiwa ni ardhi iliyojitokeza yenyewe kwa asili, imezungukwa na maji, na iko juu maji yakijaa. Hilo neno "kwa asili" ndo limebeba mzigo wote. Kitu ulichokijenga wewe hakina bahari yake, kinapewa eneo la usalama lisilozidi mita 500 kukizunguka, basi. Kwa hiyo kama ulianza na kipwa, ukamwaga mchanga ukaweka na lami na taa za ndege, kisheria bado una kipwa, ila sasa kimebeba taa za ndege.

Mfano wake ni mwamba wa Mischief. 1995 Wafilipino waligundua vibanda vimesimama juu ya nguzo pale, China ikasema ni vya wavuvi kujihifadhi. Kuanzia mwisho wa 2013 mpaka 2016 China ikajaza mchanga kwenye miamba saba ya Spratly, jumla kama kilomita za mraba 13 za ardhi mpya, na Mischief peke yake ikapata zaidi ya kilomita za mraba 5 na njia ya ndege ya karibu kilomita 3. Ufilipino ilikuwa imeshafungua kesi 2013. China ilikataa kushiriki, na majaji watano wakatoa hukumu The Hague tarehe 12 Julai 2016. Na hapa kuna kitu kinanivutia kila nikikisoma: majaji wasingeweza kwenda kupima mwamba ambao umeshafukiwa, kwa hiyo walirudi kwenye vipimo vya zamani vya wanamaji wa Uingereza na Japani na vitabu vya mabaharia, wakatafuta kule wakaona kabla ya mchanga kulikuwa na nini, kijani au njano. Mischief ikatoka kipwa, tena kipwa kilicho ndani ya maili 200 za Ufilipino, kwa hiyo yale majengo yote yalijengwa bila ruhusa ya mwenye bahari.

Hukumu ikaenda mbali zaidi. Hata Itu Aba, chenye urefu wa kama kilomita moja na nusu, chenye visima vya maji matamu na miti, majaji walisema kwa maana ya sheria ni jiwe, kinapata maili 12. Taiwan walikasirika sana na wengi mpaka leo wanaona majaji walizidisha. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba wavuvi walipita, Wajapani walikuja kuchimba mbolea ya kinyesi cha ndege, askari wakaletwa na chakula chao, lakini hakuna jamii ya watu iliyowahi kufanya pale kuwa kwao. Mimi nakubaliana nao, nikijua kabisa wenzangu wengine hawakubali. Askari anayeletewa mchele na serikali hathibitishi kwamba kisiwa kinalisha watu, anathibitisha serikali ina meli. Na angalia faida yake, ukishasema hakuna kisiwa hata kimoja Spratly chenye maili 200, thamani ya kila jiwe inashuka, na sababu ya kuuana kwa ajili yake inapungua.

Usidhani ni tabia ya upande ule tu wa dunia. Kule Karibi, Colombia na Nicaragua waligombania fungu linaitwa Quitasueño. Mtaalamu wa Colombia akaorodhesha vipande 54 na kusema 34 vinabaki juu maji yakijaa, mahakama ya dunia 2012 ikakubali kimoja tu, hakina hata jina, kinaitwa QS 32, kimezidi maji kwa sentimita kama 70. Sentimita 70! Huo ni urefu wa meza ya kulia chakula, na umepata duara la maili 12. Jirani yake kuna Bajo Nuevo na Serranilla, ambazo Colombia inazo lakini Marekani bado inazihesabu zake kutokana na sheria yao ya 1856 iliyoruhusu raia kuchukua visiwa vyenye mbolea ya ndege. Na kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji kuna fungu la Geyser, ambalo karibu lote liko chini ya maji, linadaiwa na Madagascar, Komoro na Ufaransa kwa pamoja. Uingereza nayo ilikuwa ikihesabu maili 200 kutoka Rockall, jiwe la mita kama 17 kwenda juu katikati ya Atlantiki, na ilipojiunga na mkataba 1997 ikaachia yenyewe madai hayo. Nchi kubwa kukubali kupunguza bahari yake kwa sababu imesoma kifungu na kukielewa, naliheshimu hilo.

Sasa swali la nani mwenye haki. Hukumu ya 2016 haikusema visiwa ni vya nani, majaji walisema wazi hilo haliko mbele yao. Mkataba wa bahari unagawa maji, haugawi ardhi. Umiliki wa ardhi unaamuliwa na kanuni za zamani zaidi, na hapa watu wengi wanakosea. Wanaleta ramani za miaka 600, mashairi ya mabaharia, vigae vya vyungu vilivyookotwa kwenye mchanga. Mahakama huwa inavisikiliza kwa adabu halafu inauliza swali moja: kabla ugomvi haujaanza, nani alikuwa anapatawala mahali hapa kama serikali, kimya kimya, bila kujua kwamba siku moja kutakuwa na kesi?

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya visiwa vya Sipadan na Ligitan, kati ya Indonesia na Malaysia, iliyoamuliwa Desemba 2002. Indonesia ilileta doria za jeshi la maji na wavuvi wake waliozoea kwenda kule. Malaysia ikaleta mayai ya kasa. Nisikilize vizuri, mayai ya kasa. Utawala wa Kiingereza wa Borneo Kaskazini, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, ulikuwa na sheria ya 1917 ya kulinda kasa, kulikuwa na utaratibu nani aruhusiwe kuokota mayai na makaratasi ya maofisa wakiamua watu wakigombana juu yake, halafu 1933 Sipadan ikatangazwa hifadhi ya ndege, na miaka ya 60 mwanzoni zikajengwa taa za kuongozea meli. Majaji 16 dhidi ya 1 wakaipa Malaysia visiwa vyote viwili. Wavuvi wa Indonesia, walisema, walikwenda kwa riziki zao binafsi, hawakutumwa na serikali. Mimi nimeona vijana wengi wa sheria wakisoma kesi hii wakadhani ni kichekesho, hapana, ni akili kubwa. Ofisa wa wilaya anayeamua nani aokote mayai hafanyi maonyesho kwa ajili ya majaji, anatawala tu.

Na barua moja inaweza kukupotezea jiwe. Pedra Branca, mlangoni mwa mlango-bahari wa Singapore, mwamba wa mita 137 kwa urefu, asili yake ilikuwa ya Sultani wa Johor, ambayo leo ni jimbo la Malaysia. Waingereza wakajenga mnara wa taa pale, ukaanza kuwaka 1851. 1953 ofisi ya Singapore ikaandika kuuliza hadhi ya mwamba ule, ofisa wa Johor akajibu kwa kifupi kwamba serikali ya Johor haidai umiliki wa Pedra Branca. Miaka 55 baadae, Mei 2008, barua ile pamoja na miaka mingi ya Malaysia kukaa kimya huku Singapore ikichunguza ajali za meli pale na kuamua nani apande mwambani, vikaipa Singapore Pedra Branca. Mawe ya jirani yake, Middle Rocks, yakabaki Malaysia maana yale yaliyoihamisha Pedra Branca hayakuyahusu.

Ukipima Spratly kwa kipimo hicho jibu langu la kweli ni kwamba hakuna nchi moja yenye haki ya vyote. Itabidi kwenda jiwe kwa jiwe, na kwa baadhi hakuna wa kumpa, kwa sababu mahakama ya dunia ilishasema kipwa hakimilikiwi kama ardhi, kinafuata bahari kilipo. Wanajeshi waliopanda baada ya ugomvi kuanza hawaongezi haki hata chembe, ingawa kwa mtaani mwenye nguvu mpishe. Na kesi ya umiliki haiwezi hata kusikilizwa mpaka wote wakubali kwenda mahakamani, na hawajakubali. Kwa hiyo kinachoendelea ni watu kuketi juu ya mawe. Ufilipino ina meli yake ya zamani, BRP Sierra Madre, iliyotengenezwa 1944, waliipandisha makusudi 1999 kwenye mwamba wa Second Thomas, wao wanauita Ayungin, na mpaka leo wanajeshi wachache wanaishi mle kwenye kutu wakisubiri chakula kwa boti. Juni 2024 walinzi wa pwani wa China walipozuia boti hizo mwanamaji mmoja wa Ufilipino akakatika kidole gumba. Mwezi uliofuata pande mbili zikaelewana angalau chakula kipite.

Sasa niseme kitu ambacho hukuniuliza lakini kinaniuma zaidi ya mipaka. Mchanga wa visiwa vya matumbawe hautoki mbali, sehemu kubwa ni matumbawe yenyewe yaliyotafunwa. Ukizamia mahali penye pono wengi, tulia usikilize, utawasikia wanakwaruza mwamba kwa meno yao, krr krr, na baada ya muda wanatoa nyuma kiwingu cheupe cha mchanga. Hao ndo wajenzi wa visiwa. Mwamba hai unazaa mchanga, mawimbi yanaukusanya, ndege wanaleta mbegu, kisiwa kinasimama. Meli ya kufyonza ikija inakata sakafu ya wangwa, yale maji tulivu yaliyozungukwa na mwamba, inavuta mchanga kwa bomba inaumwaga juu ya mwamba, na tope linalobaki majini linafunika matumbawe ya pembeni yanakosa mwanga yanakufa. Matumbawe yale ya mviringo yanakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo kilichofukiwa kwa wiki moja ni kazi ya karne. Na kabla ya mchanga walishapita wachimbaji wa chaza wakubwa, wale ambao gamba linaweza kufika mita moja, wakitumia pangaboi za boti zao kuvunja mwamba ili wawang'oe. Majaji wa 2016 waliliona hilo na kulisema, kwamba China ilivunja wajibu wake wa kutunza mazingira ya bahari, tena huku maofisa wake wakiona. Siku hizi Vietnam nayo inajaza mchanga kwa kasi kubwa, na matumbawe hayajui bendera ipi ndo imeyafukia.

Inawezekana kufanya vingine, na sio ndoto. Antaktika ina madai ya nchi saba, mengine yamepandana kabisa kama ya Uingereza, Argentina na Chile, na mkataba wa 1959 uliyagandisha yote bila kumnyang'anya mtu hoja yake. Wanasayansi wa matumbawe wamekuwa wakipendekeza Spratly iwe hifadhi ya pamoja kwa mtindo huo huo. Hata ile hukumu, kwenye mwamba wa Scarborough, ilisema wavuvi wa jadi wa pande zote wana haki ya kuvua hata kama hatujui jiwe ni la nani. Na kuna jambo wachache wanalikumbuka: kati ya 1996 na 2007 Ufilipino na Vietnam, zote zikidai miamba ile ile, zilipeleka wanasayansi wao safari nne kwenye meli moja, wakazamia pamoja Spratly wakahesabu matumbawe na samaki. Vile vipimo vyao vipo, na mtu akitaka kujua leo miamba ile ilikuwaje kabla ya mchanga, daftari zile ni mojawapo ya mahali pa kuanzia.